Talaka Bila Karatasi: Funzo Kutoka Adungosi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walinena hivyo juu ya mali. Lau wangalikuwa hai leo, nadhani wangaliongeza kwamba ndoa iliyovunjika bila daftari haipotei. Hurudi baada ya miaka mingi kubisha hodi mlangoni, tena saa ambayo mwenye nyumba ameandaa karamu. Haya siyasemi kwa kusoma vitabuni. Yametufika nyumbani, na sehemu ya lawama ni yangu mimi mwenyewe, kama msomaji atakavyoona.

Kwetu ni karibu na Adungosi, soko lililo kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba, ambako malori ya mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo hupita usiku na mchana. Hapo ndipo dada yangu, binti ya baba mkubwa, alipoolewa mwaka 1989 kwa mila za Iteso. Ng'ombe walitolewa, watu wakala wakanywa, na hapakuwa na cheti wala saini. Mwaka 1998 ndoa hiyo iliwashinda. Wazee wa pande mbili wakakutana uani kwetu chini ya mwembe, wakasikiliza, wakaamua. Ng'ombe wakarudishwa, dada akarudi nyumbani na kazi yake ya ualimu wa shule ya msingi, naye mume akavuka mpaka kwenda kukaa upande wa Tororo, kwa watu wa mama yake.

Miaka ikapita zaidi ya ishirini. Dada akapata mwenzake, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, wakakubaliana kufunga ndoa kanisani. Tangazo likasomwa. Jumapili ya pili akasimama mtu wa ukoo wa mume wa kwanza akasema kwamba huyu ni mke wao, hajaachwa. Mchungaji akafanya kama ilivyompasa: akaisimamisha shughuli, akamwambia dada, "Mama, niletee hati ya talaka."

Hati ipi? Ndipo safari yetu ya masijala ilipoanza.

Katika masijala ya kwanza, karani, mtu mpole, alituuliza maswali matatu: shauri lilifunguliwa mahakama gani, mwaka gani, na nambari yake ni ngapi? Hatukuwa na jibu hata moja, kwa kuwa hapakuwa na shauri. Katika ofisi nyingine ya mji wa mpakani, ambayo sitaitaja, tuliambiwa kwamba makaratasi ya zamani ya utawala yalihamishwa mara mbili na yaliyobaki yakaliwa na mchwa. Jambo hilo halikunishangaza. Anayetafuta kumbukumbu katika sehemu zetu hana budi kwanza ajue historia ya mipaka. Kabla ya uhuru nchi hii ilikuwa katika wilaya ya Elgon Nyanza, iliyomegwa kutoka North Nyanza. Baada ya uhuru ikawa wilaya ya Busia. Katika miaka ya 1990 ikazaliwa wilaya ya Teso. Na Katiba ya mwaka 2010 ikaturudisha sote katika kaunti moja ya Busia. Kila mpaka ulipohama, majalada nayo yalihama, na si yote yaliyofika salama.

Hatimaye ushahidi ulipatikana ndani ya sanduku la mama. Lilikuwa daftari la shule lenye kurasa za manjano. Nilipolifunua niliutambua mwandiko upesi, kwani ulikuwa wangu. Mwaka ule wa 1998 nilikuwa kijana niliyetoka tu kumaliza kidato cha nne, na wazee walinipa kalamu niandike maneno yao kwa Kiswahili. Wao walisema kwa Kiteso, mimi niliandika hivi: "Wazee wameridhika kwamba wawili hawa wametengana, na ng'ombe wamerudishwa." Chini yake palikuwa na alama za vidole vinne.

Wametengana! Msomaji aliye mwalimu wa lugha ameshaliona kosa. Kutengana si kuachana. Wanaotengana wameacha kukaa pamoja, bali kifungo cha ndoa kipo. Wanaoachana wamekikata. Mimi kijana niliona neno "wameachana" ni kali, haliwafai wazee, nikachagua neno la adabu. Robo karne baadaye, nikiwa na shahada ya uzamifu katika isimu, nilisimama mbele ya wakili nikamsikia akisoma neno langu na kusema, "Mwalimu, karatasi hii inamsaidia anayepinga."

Hapa yafaa tuitazame sheria kwa ufupi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 ilizikusanya chini ya paa moja ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa ya kimila, ambayo zamani haikuwa na rejista, sasa inapaswa kuandikishwa kwa msajili wa ndoa, na kazi hiyo ilianza mwaka 2017 baada ya kanuni zake kutolewa. Kuvunjika kwake nako kumebadilika. Wazee bado wanaweza kusuluhisha, na sheria inawatambua kwa kazi hiyo, lakini anayevunja ndoa ni mahakama ya hakimu. Waislamu wana mahakama za Kadhi, zinazotajwa katika Kifungu cha 170 cha Katiba. Talaka za kimila zilizotolewa kabla ya mwaka 2014, kama ya dada, hazikuwa batili kwa sababu tu hazikupita kortini. Taabu yake ni ushahidi. Kati ya wale wazee wanne, alikuwa amebaki mmoja.

Wakili alishauri tusibishane juu ya mwaka 1998. Afadhali dada afungue ombi la talaka upya, ndoa ikatwe kwa amri ya mahakama, yaishe. Akafungua. Hati ya ombi ilieleza ndoa ilifungwa lini na wapi, watoto ni wangapi, na sababu za kuomba; ikaambatana na hati ya kiapo. Kisha ilibidi mjibu ombi apelekewe nakala, naye yuko ng'ambo ya mpaka. Hili ni jambo la kawaida kwetu. Mpaka ulikatwa na wakoloni, hasa pale mwaka 1902 walipoliondoa jimbo la mashariki la Uganda na kulitia upande wa pili, nao Iteso wakajikuta huku na huku. Mtu huolewa Tororo, akazalia Adungosi, akazikwa Amagoro. Uganda ina sheria yake ya kuandikisha ndoa za kimila tangu mwaka 1973, na sajili zake hazisomeki kutoka Busia. Kwa hiyo anayetafuta rekodi hapa hana budi kuuliza pande zote mbili za daraja.

Siku ya kusikilizwa, mzee aliyesalia alitoa ushahidi kwa Kiteso. Alisema jambo ambalo kwetu ndilo hukumu yenyewe: kwamba ng'ombe walirudi zizini. Mkalimani akalitafsiri: "Walitengana." Moyo ulinipasuka, kosa langu la ujana lilikuwa limepata mwenzake. Sheria haziruhusu msikilizaji kunyanyua mkono na kutoa mhadhara wa semantiki, nami nikanyamaza.

Aliyetuokoa ni yule ambaye hatukumtarajia. Mume wa zamani alikuwa amevuka Malaba asubuhi ile kwa bodaboda, amevaa koti lake la pekee. Hakimu alipomuuliza kama ana pingamizi, alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mheshimiwa, sisi tuliachana kitambo. Huyu ni mwalimu, mwache aolewe." Amri ilitolewa, na baada ya muda uliowekwa ikawa ya mwisho. Tangu ombi kufunguliwa hadi kupata nakala yenye mhuri ilipita miezi kumi na minne.

Kiswahili hakikosi maneno juu ya jambo hili. Kina mengi, na kila moja lina mizani yake. Tuna kutengana, kufarakana, kuachana, kutalikiana, kuvunja ndoa. Hebu mwalimu awape wanafunzi wake kitenzi "acha" wakinyambue. Mume huacha, mke huachwa, na mwanamke aliyekwisha kuachwa huitwa mtalaka. Sarufi ya mazoea imemfanya mume kuwa mtenda na mke kuwa mtendwa. Kifungu cha 45 cha Katiba, kinyume chake, kinasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjika. Lugha inayolingana na kifungu hicho ni ile ya kauli ya kutendana: tuliachana. Yule bwana wa Tororo hakuisoma Katiba, lakini alikitumia kiambishi chake sawasawa.

Suala la pili ni lugha ya mahakama zenyewe. Sheria yetu inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, ila Mahakama Kuu inatumia Kiingereza, na hata huku chini hati nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Dada, aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka thelathini, aliipokea amri ya maisha yake akaniomba nimsomee. Wenzetu wa Tanzania waliibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi hiyo haijakamilika, ila mwelekeo wake ni wa kuigwa.

Kwa walimu na wanafunzi wanaonisoma, nina machache ya kuwaambia yanayoweza kumsaidia mzazi au jirani.

Anayetaka kufungua ombi la talaka na aanze kwa kukusanya ushahidi wa ndoa: cheti kama kipo, na kama hakipo, majina ya mashahidi wa mahari walio hai, mwaka na mahali. Mashahidi waandike viapo vyao mapema, kwani wazee hawatungoji.

Anayetafuta rekodi ya talaka ya zamani na atambue kwamba cheti cha ndoa na amri ya talaka havikai mahali pamoja. Cheti hutoka kwa msajili wa ndoa, ofisi iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu; amri hukaa katika jalada la mahakama iliyoitoa. Bila jina la mahakama, mwaka na nambari ya shauri, karani atapekua rejista kwa macho. Mfumo wa kufungua mashauri kwa kompyuta ulianza Nairobi mwaka 2020 na kutangazwa kwa mahakama zote nchini mwaka 2024. Majalada ya kabla ya hapo mengi ni karatasi tupu. Hukumu zinazochapishwa nazo huwaficha wahusika wa kesi za kifamilia kwa herufi za kwanza za majina. Hata ile kesi mashuhuri ambamo Mahakama ya Juu ilisema mwezi Januari 2023 kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila mmoja athibitishe mchango wake, ilichapishwa kwa herufi za majina: JOO na MBO. Siri hiyo ni heshima, nami naiunga mkono, lakini ina maana kwamba kutafuta kwa jina hakutoshi. Ishike nambari.

Zaidi ya yote, amri ikitoka, usiondoke kortini ukiwa na furaha mkononi badala ya karatasi. Omba nakala iliyothibitishwa, zaidi ya moja.

Dada anazo tatu. Moja iko kwa mchungaji, ya pili imo sandukuni mwa mama, na ya tatu alinipa mimi. Lile daftari la mwaka 1998 pia analo. Nilimwomba nilichukue nikaonyeshe wanafunzi wangu jinsi neno moja linavyoweza kumfunga mtu. Alicheka, akasema, "Hapana, mdogo wangu. Wewe ulishaliandika mara moja."