Maneno ya Watazamaji wa Sinema katika Usukuma, na Asili ya Hukumu Zao

Walimu wengi wakaao katika nchi ya Wasukuma husikia vijana wakibishana juu ya picha za sinema, za kale na za sasa, wala hawayatii maanani maneno yao, kwa kuwa huyadhania kuwa porojo tu. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba mabishano hayo yana istilahi zake na kanuni zake, na kwamba nyingi za kanuni hizo zilikuwapo kabla sinema haijafika. Twaandika hasa kwa ajili ya upande wa Nkoma, katika wilaya ya Itilima, nchi iliyokuwa sehemu ya Bariadi, mkoani Shinyanga, kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, si nchi ya majumba makubwa ya sinema. Picha hutazamwa vibandani, katika nyumba zenye televisheni, na siku hizi hata katika simu ya mkononi. Hata hivyo lugha ya sinema imeingia katika usemi wa kila siku, na mwalimu asiyeijua hupitwa na mengi wayasemayo wanafunzi wake.

Na tuanze na mahali penyewe. Chumba cha kuonyeshea picha kwa kiingilio kidogo huitwa kibanda umiza. Sarufi ya vitabuni ingetaka tuseme kibanda kinachoumiza, au kibanda cha kuumiza. Lakini watu wamelifupisha neno, wakaacha kitenzi kitupu nyuma ya jina. Maana yake yajulikana na kila aliyepata kukaa humo: mabenchi ni magumu, hewa ni haba, na watu wamebanana. Jina ni la mzaha, tena ni la kweli. Nalo laonyesha kwamba mtazamaji hulihukumu benchi kabla hajaihukumu picha.

Neno la pili ni mkanda. Asili yake ni kitu cha kufungia kiunoni. Kisha likawa jina la utepe wa picha, kisha la kaseti ya video. Kaseti zimetoweka, zikafuata sidii, nazo sidii zimezipisha simu na flashi; lakini neno limebaki. Mtu akitaka kuelezwa jambo tangu mwanzo hata mwisho husema, "Nipe mkanda mzima." Hali kadhalika msimulizi wa kisa chochote, hata cha ng'ombe aliyepotea, aweza kuanza kwa kusema, "Picha linaanza." Mwalimu wa lugha na auangalie upatanisho huo. Picha ni jina la ngeli ya nyumba na nguo, nasi twafundisha kusema picha inaanza. Lakini hapa watu wamelitia katika ngeli ya jumba na jitu, ili kulikuza. Ndivyo wasemavyo vilevile picha la Kihindi, nalo lina maana mbili. Ya kwanza ni picha yenyewe itokayo India, ndefu, yenye nyimbo na machozi. Ya pili ni jambo lolote lililorefushwa na kujaa vituko visivyosadikika.

Hata majina ya watu wa kwenye picha yamekuwa majina ya vitu. Rambo, askari wa picha za Marekani aliyeigizwa na Sylvester Stallone tangu mwaka 1982, alilipa jina lake mfuko wa plastiki, kwa kuwa mifuko ya namna hiyo ilichapwa sura yake. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini jina lake lajulikana hata kwa wasiopata kuiona picha yenyewe.

Sasa twafika kwenye neno lililo kuu kuliko yote, nalo ni stelingi, au steringi. Latoka katika Kiingereza, katika neno liandikwalo mwanzoni mwa picha mbele ya majina ya waigizaji wakuu. Watazamaji wakalichukua kuwa jina la shujaa mwenyewe. Aingiaye kibandani kwa kuchelewa huuliza kwanza, "Stelingi ni nani?" Akishajibiwa, ameipata njia ya kisa chote. Kanuni yake husemwa kwa maneno mawili: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa, ataachwa na rafiki, lakini mwisho atasimama. Msemo huu umetoka vibandani ukawa faraja ya watu: aliyefiwa na mifugo, au aliyeshindwa mtihani, huambiwa vivyo hivyo na wenzake.

Je, kanuni hii ni ngeni? Msikilizaji wa ngano za jioni alijua tangu zamani kwamba Sungura hatamezwa na Fisi, wala kujua huko hakukumpunguzia hamu ya kusikiliza. Swali lake halikuwa kama Sungura ataokoka, bali ataokoka kwa hila gani. Mtazamaji wa sinema aishikaye kanuni ya stelingi aliileta kutoka nyumbani kwao. Ndiyo sababu picha imwuayo shujaa wake huamsha ugomvi mkubwa: wengine husema wamedhulumiwa kiingilio chao, na wengine huisifu kwa kuwa dunia ndivyo ilivyo.

Tena kuna mtu mmoja ambaye vitabu vingi vya sinema vya Ulaya havimfahamu, naye ni mtafsiri, mwenye kuisimulia picha ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili. Katika Tanzania aliyevuma sana kwa kazi hiyo ni Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu. Kenya wanaye DJ Afro. Na Uganda wasimulizi wa namna hii huitwa maviijei. Mtafsiri hafuati neno kwa neno. Humpa adui jina la utani, hueleza desturi za kigeni kwa mifano ya hapa, hutoa onyo, huchekesha. Watazamaji nao humhukumu mbali na picha yenyewe: picha mbaya yenye mtafsiri hodari yaweza kupendwa kuliko nzuri isiyo naye. Hapo tena twamwona mtambaji wa hadithi wa zamani, ambaye kisa chake kilijulikana na wote, nao wakaja kusikia jinsi atakavyokitamba.

Juu ya picha za kale na za sasa watu wamegawanyika pande mbili. Wazee husifu picha za India kama Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957, ambazo zilipendwa sana katika majumba ya sinema ya pwani na ya mijini. Waliofuata husifu picha za karate, kama Enter the Dragon ya Bruce Lee, ya mwaka 1973. Hao wote husema ya kuwa picha ya kale ilikuwa na fundisho: mama aliheshimiwa, mwovu alilipwa, na mtu alitoka akiwa na neno la kuwapelekea walio nyumbani. Vijana hujibu kwamba fundisho bila uhalisi ni hotuba; hutaka nyumba ifanane na nyumba, kilio kifanane na kilio, na mtu aliyepigwa risasi asiimbe.

Hata juu ya picha za Tanzania, ziitwazo Bongo muvi, mgawanyiko ni huo huo. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa kijana wa miaka 28, na wako wasemao kwamba Bongo muvi ilikufa pamoja naye. Wengine huwapinga kwa kuwaonyesha kazi kama Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi.

Ajuaye Usukuma hatashangaa kuona ubishi wa pande mbili. Tangu zamani wacheza ngoma wamegawanyika Bagika na Bagalu, na husimuliwa kwamba pande hizo zilitokana na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake na dawa zake na vituko vyake. Hakuna mwamuzi aketiye mezani: upande uvutao umati mkubwa ndio ushindao. Mtu hujifunza tangu utoto kutazama, kulinganisha, kuchagua, na kutoa sababu za kuchagua kwake.

Twalisisitiza jambo hili kwa sababu wakubwa wengi wa zamani walilikana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, liliendesha jaribio la sinema kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Mabwana Notcutt na Latham walitengeneza picha 35 hivi za mafundisho, wakazizungusha katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na wakaandika jinsi watazamaji walivyozipokea. Hao walau waliuliza. Baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1939 chini ya William Sellers, kilifundisha kwamba mwanakijiji wa Afrika aonyeshwe picha nyepesi, za polepole, zisizo na mabadiliko ya ghafula, kwa kuwa hataweza kuzifuata nyingine. Mabishano ya vibandani yalikwisha kuikanusha hoja hiyo. Mtu ambaye tangu utoto amezoea kupima manju wawili kwa mara moja hashindwi na picha yendayo mbio.

Lakini jambo moja latutia wasiwasi. Kibanda kilikuwa mahali pa kutazama na pa kusema pia. Simu humpa kila mtu picha yake, na visikizio vyake masikioni. Picha zinaongezeka, na baraza la kuzihukumu linapungua. Hukumu isiyosemwa mbele ya wengine haipati kupingwa, na isiyopingwa hainoleki.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu wasiyazime mabishano haya, bali wayaingize darasani. Maswali matatu yatosha: Stelingi ni nani, nani amekuambia kuwa ndiye? Fundisho lake laonekana katika tendo, au katika maneno tu? Ungalikuwa mtafsiri, ungalieleza nini hapa? Mwanafunzi ayajibuye kwa sababu zilizopangwa amekwisha kuandika nusu ya insha yake. Tena mwalimu na aandike katika daftari maneno mapya ayasikiayo, pamoja na mwaka na mahali, kwa maana maneno haya huhama upesi. Na watu waliolikuta neno mkanda likiwa mkanda wa kweli wanazidi kupungua.