Mgeni wa siku moja apewa jembe

Siku ya Mungu iliyopita hatukubaki mjini. Baba mmoja wa kazi ya chini ya udongo, msomaji wetu wa tangu zamani, alikuya kutuona akatuambia: «Ninyi munaandika kila siku bei ya shaba na bei ya unga. Kuyeni muone kwetu mu huu mwezi wa kumi, mbele mvula ianze muzuri. Munaweza kuandika na ile.» Tukakubali. Jina lake na jina la mugini wake hatutayaandika, kwa sababu maneno yaliyosemwa kule ni ya jamaa. Lakini yeye mwenyewe alituruhusu kuyasumulia. Alisema wengi wa kambini wako na neno la namna hii ndani ya moyo, na hawalisemi.

Tuliondoka Lubumbashi saa kumi na moja ya asubuhi, kwa barabara ya Kasenga. Baba alikuwa pamoja na bibi yake na mtoto wao wa mwisho, kijana wa miaka 12. Mama huyu alizaliwa kambini, na kijana vilevile. Kijana hakuwa ameona mugini wa baba yake hata siku moja. Ndani ya mfuko mlikuwa sukari, chumvi, sabuni, mafuta na kitenge kipya, kwa maana mtu hafiki kwa dada yake mikono mitupu.

Kwa muda mrefu hatukuona pori. Tuliona visiki na nyasi, na hapa na pale kichuguu kikubwa kilichochimbwa upande mmoja juu ya kufanya matofali. Wanaume walikuwa wanakuya kutoka mbele yetu wakisukuma kinga zao. Kila kinga ilibeba magunia ya makala mpaka mwenye kuisukuma haonekani tena kichwa. Tulihesabu 40, halafu tukaacha kuhesabu. Tusiwaseme vibaya: jioni, katika kila nyumba ya kambi, bukari inapikwa juu ya makala yale.

Baada ya kilomita 60 na kidogo, pori likaanza. Kijana akasimama ndani ya motokari, akauliza kwa woga:

«Papa, miti inaungua?»

Baba yake akacheka. Haikuwa moto. Wale wanaoishi mjini miaka mingi wanasahau jambo hili: miti ya Katanga haingoji mvula. Tangu mwezi wa 9 na wa 10, wakati udongo ungali mkavu, muputu na miti mingine ya jamaa yake inatoa majani mapya. Majani yale hayaanzi kijani. Yanatoka mekundu, mengine kama divai, mengine kama shaba iliyosuguliwa, halafu polepole yanageuka kijani. Chini yake nyasi zilikuwa zimeungua katika kiangazi, na juu ya weusi ule majani madogo yalikuwa yanachomoza. Mulombwa ulikuwa na maua ya manjano. Siku mbili mbele ya safari yetu mvula ndogo ya kwanza ilikuwa imepita, kwa hiyo hewa ilikuwa baridi na vumbi lilikuwa limelala.

«Miaka 27 niko chini,» Baba akasema. «Kule hakuna mwezi wa kumi. Posti ya mchana, posti ya usiku, joto ni lilelile, giza ni lilelile. Nilikuwa nimesahabu rangi hii.»

Mugini ulikuwa wa nyumba 30 hivi, karibu na kijito. Dada yake, ambaye wote wanamwita Yaya, alikuwa amekwisha kusikia motokari. Alipiga magoti kidogo, akapiga makofi ya salamu, na sisi tukapiga. Baba, ingawa mvi zimemjaa, aliinama mbele ya dada yake kama mtoto. Wakatupatia viti chini ya mwembe, na munkoyo ndani ya kibuyu. Ulikuwa wa siku ileile. Usiku wanapika uji wa unga wa mahindi, unapopoa wanatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na uji mzito unakuwa maji matamu. Kesho yake unaanza kuchachuka, na wazee wanaupenda zaidi wakati ule.

Baba alipomaliza kikombe cha pili akanyoosha miguu. Ndipo Yaya akatoka ndani ya nyumba na jembe, akaliweka mbele yake.

Sisi sote tunajua mezali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba akaikumbusha: «Yaya, mbona ni siku ya kwanza?»

«Bageni ni bale ba gazeti,» Yaya akajibu. «Weye haiko mugeni. Kamata jembe, tuone kama kule chini ulisahabu.»

Tukaenda shambani wote. Mwezi huu kazi ni kufungua udongo na kutengeneza matuta, ili mvula ikianza kweli katika mwezi wa 11 mbegu za mahindi zisikawie. Matawi yaliyokatwa yalikuwa yamepangwa kwa malundo, yanangoja kuchomwa, kwa maana jivu lake ni chakula cha udongo. Baba alianza kwa nguvu ya mtu aliyezoea kupiga jiwe. Kila pigo lilienda chini mno. Yaya akacheka mpaka akashika mbavu.

«Mudogo wangu, kule munatafuta shaba. Huku tunafunika mbegu tu. Polepole!»

Akapunguza. Baada ya saa moja mkono ulikuwa umekumbuka, na matuta yake yalikuwa yananyooka kama ya dada. Lakini Mama wa kambini ndiye aliyetushangaza. Hakuna aliyemwomba. Alifunga kitenge kiunoni, akaomba jembe kwa binti wa Yaya, akalima mpaka mwisho wa mstari. Kambini, alituambia, analima lengalenga na matembele nyuma ya nyumba, mahali pasipozidi ukubwa wa mlango.

Wakati ule kijana alikuwa amekwisha kupotea porini na binamu zake. Alirudi na masuku ndani ya kofia. Walikuwa wamemfundisha sheria: usitikise mti, okota yaliyoanguka, kwa maana yaliyo juu bado yana ukali. Walimwonyesha pia mizinga ya nyuki, ile ya maganda ya mti, iliyolazwa juu kati ya matawi. Na walimwambia mutondo ni mti gani. Mvula ikifika, tushishi wanakula majani yake, na watu wanaokota tushishi na kukausha. «Papa,» akasema, «tushishi tunaouza ku soko, batu hawalimi. Banaokota bure!»

Saa nane tukala: bukari ya mihogo na mahindi, sombe, samaki mkavu wa Luapula, na kuku mmoja aliyechinjwa kwa ajili yetu. Firigisi ya kuku, ambayo ni heshima ya mgeni, Yaya aliiweka katika sahani ya gazeti. Ndugu yake aliona, akanyamaza. Pengine kwa wakati ule alianza kuelewa kwamba jembe la asubuhi halikuwa mchezo.

Baada ya kunawa mikono, chefu wa mugini akafika na kiti chake mwenyewe. Wakapiga masolo kidogo juu ya mvula na juu ya bei za mjini. Halafu Yaya akasema.

Kuna kipande cha pori karibu na kijito, pale baba yao alipolima zamani. Tangu mzee alipokufa hakikulimwa chote, na miti imerudi mikubwa. Watu wa makala wamekwisha kukuya mara mbili kumwomba chefu wakikate. Wanatoa makuta, na vijana wa mugini wanapata kazi ya kukata na ya kujenga tanuru, kule kupanga miti, kuifunika na udongo na kuichunga siku na usiku mpaka imekuwa makala. Mara mbili Yaya alikataa.

«Niliwaambia: ile ni ya ndugu yangu, anakuya,» alisema. «Mwaka wa kwanza banasikia. Mwaka wa pili banasikia. Sasa banacheka. Banasema: Mama, huyu ndugu yako hatakuya. Miye nilisha kuzeeka. Leo niambie mbele ya chefu: utarudia ao hautarudia?»

Chefu hakuwa mtu mbaya. Alieleza neno bila kupandisha sauti. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali, hakuna mtu wa mugini anayeuuza. Lakini huku desturi ndiyo inayopanga watu: mwenye kulima, tunajua ni pake. Aliyekwenda na kutuma neno, tunamngojea. Aliyekwenda na kunyamaza, siku moja pake panapewa mwingine mwenye watoto na njaa.

«Miye sifukuze mutu,» akasema. «Lakini kiti kisichokaliwa, mutu atakikalia.»

Baba alitazama chini muda mrefu. Sisi tuliokuya naye tunajua sababu. Imebaki miaka mitatu kazi yake iishe. Nyumba anayolala imefungwa na kazi. Watoto wawili bado wanasoma mjini. Kule mugini hospitali iko mbali, umeme hakuna. Kusema «nitarudia» pengine ni kudanganya. Kusema «sitarudia» ni kuzika baba yake mara ya pili. Kwa hiyo, miaka yote hii, alituma sukari na hakutuma jibu.

Aliyejibu ni bibi yake.

«Yaya, nisamehe, nitasema kweli. Kukala huku mwaka muzima siwezi, juu ya masomo ya batoto. Hata luga yenu sijue muzuri. Lakini mwezi wa kumi na moja nitakuya, nitalala kwako, tutapanda pamoja. Kuvuna, nitarudia tena. Kazi ya baba ikiisha, tutaona wawili kama tunahama. Ile siwezi kuahidi leo.»

Hakuna aliyepiga makofi. Yaya alimtazama, kisha akamuuliza neno moja tu: «Utalala juu ya mukeka?» Mama akasema atalala. «Basi,» Yaya akasema, akaanza kukusanya sahani.

Ndipo Baba akapata mdomo. Alimwomba chefu watembee mpaka kijitoni, na sisi tukafuata. Wakapatana hivi: upande wa juu, vijana wa mugini watafungua mahali pa shamba katika mwezi huu, na Baba atawalipa. Miti itakayokatwa pale itakuwa makala ya mugini, na faida ni ya vijana wenyewe. Visiki visichomwe wala kung'olewa, kwa maana kisiki cha muputu ao cha mutondo kikiachwa kinatoa matawi mapya, na baada ya miaka makumi pori linarudi. Upande wa maji, hakuna shoka. Pale pana mizinga, na pale ndipo kijito kinapopata kivuli katika kiangazi.

Juu ya mpaka walichagua mulombwa mkubwa. Chefu akakata alama katika ganda lake. Maji mekundu kama damu yakatoka, na kijana akarudi nyuma. Baba yake akamshika bega akamwambia: «Tazama muzuri, ukumbuke mahali. Siku moja batakuuliza weye.»

Tukaondoka wakati jua limeshuka. Ndani ya motokari mlikuwa gunia la unga wa mihogo, masuku, na chupa mbili za buki, nzito na nyeusi kidogo. Jembe lilibaki mugini. Kijana alilala kabla hatujafika kwenye visiki. Baba hakulala. Mikono yake ilikuwa na malengelenge, yeye anayeshika chuma kila siku, na alikuwa akiyatazama kila tulipopita taa.

Wasomaji wetu, hatukuandika haya juu ya kuwaambia mhame mjini. Kuna wenye kurudi mugini na kufurahi, kuna waliorudi na kujuta, na kuna wasio na mugini tena, kwa maana babu zao walikuya kazini kutoka mbali sana na njia imefungwa. Kila nyumba inajua hesabu yake. Lakini wengi tuko na dada, ao kaka, ao mjomba anayelinda kitu kwa jina letu, na kila mwaka anachekwa zaidi. Tunamtumia sabuni na kitenge. Tunadhani tumelipa.

Yaya hakuomba ndugu yake arudi. Aliomba ajue. Hata jibu la nusu, kama lile la Mama wa kambini, lilitosha kumaliza neno lililokuwa limekaa miaka miwili. «Sikuyi» nalo lingekuwa jibu: mwenye njaa angepata mahali pa kulima, na mzee angeacha kujitetea peke yake.

Mvula itaanza kweli katika mwezi wa 11. Mwenye neno la kutuma kwao, alitume mbele ya hapo.