Kufuga si Kuzoeza

Watu wengi hudhani ya kuwa mnyama aliyezoea watu ni mnyama wa kufugwa. Sivyo. Kabla ya mwaka wa 1960, huko Gangala-na-Bodio, kaskazini-mashariki ya Kongo, Wabelgiji waliwafundisha tembo kukokota magari ya mizigo na plau. Tembo wale walimtii mchungaji wao, lakini walikuwa wamekamatwa mwituni wangali wachanga. Alipokufa mmoja, ilibidi kukamata mwingine na kuanza upya, maana mafunzo hayarithiwi.

Kufuga hasa ni kazi ya vizazi vingi: mwanadamu huchagua mbegu, na mbegu hubadilika. Tutazame mtama. Mtama wa mwituni ukiiva hupukutisha punje zake chini zipate kuota. Wavunaji wa kale walifika nyumbani na zile zilizoshika sana katika suke, wakapanda hizo. Huko Sudan ya leo mabadiliko hayo yalikwisha kuanza yapata miaka 5,000 iliyopita. Sasa suke humngoja mvunaji.

Mgomba umezidi hapo. Ndizi tulazo hazina mbegu. Mgomba hupandwa kwa chipukizi, nacho hufanana na mama yake katika kila jambo. Kwa hiyo ugonjwa umshindao mama huwashinda na watoto, kama ule mnyauko ulioonekana Uganda mwaka wa 2001, ambao huweza kubebwa na panga lisilosafishwa.

Basi, kilichofugwa hutulisha, nacho hututegemea. Mla ndizi na asafishe panga lake.