Mvua ya Ukambani Huanza Ikiwa Barafu

Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, mbingu za Kitui na Makueni hufunga. Mawingu ya kijivu hulalia vilima vya Mbooni na Kilungu tangu alfajiri, jua huchelewa kutoka au lisionekane kutwa nzima, na makoti yaliyokuwa sandukuni hutolewa. Pamoja na mawingu yote hayo, kinachoanguka ni manyunyu tu. Ikifika Novemba, joto likiwa limepanda, wingu moja lililoota mchana linaweza kumwaga kwa saa moja maji mengi kuliko ya msimu mzima wa baridi. Wapo wanaoona kwamba maumbile yamejipinga yenyewe. Mimi naona hayajajipinga hata kidogo: mvua yetu hutengenezwa na baridi kweli, ila ni baridi iliyo kilomita tano juu ya usawa wa bahari, si hii ya Julai inayotutetemesha.

Wingu ni matone madogo mno ya maji, kila moja likiwa na upana wa karibu sehemu mbili za mia za milimita, mepesi kiasi cha kuelea hewani. Tone la mvua lenye upana wa milimita mbili linahitaji maji ya matone ya wingu yapatayo milioni moja. Yatakusanywa na nani? Kugongana kwayo pekee ni kazi ya polepole. Barafu huifanya upesi zaidi. Hewa hupoa kwa nyuzi kama sita na nusu kila unapopanda kilomita moja. Mji wa Kitui uko mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari, basi siku ya nyuzi 25, kiwango cha sifuri hukutwa karibu na mita 5,000. Hapo maji hayagandi yote kwa mara moja. Matone mengi hubaki maji hata kwenye nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, kwa kukosa chembe ya vumbi inayofaa kuanzisha barafu. Chembe hiyo ikipatikana, punje ya barafu huzaliwa, na kwa kuwa barafu huunasa mvuke kwa urahisi kuliko maji, punje hiyo hunenepa huku matone jirani yakikauka. Mjerumani Alfred Wegener alilidokeza wazo hili mwaka 1911, na Tor Bergeron wa Sweden akalikuza katika miaka ya 1930.

Msomaji atauliza: kama juu kuna theluji, mbona hatujawahi kuiona Mwingi wala Wote? Jibu ni kwamba huyeyuka njiani. Hata vilele vya Chyulu havifiki mita 2,300, na theluji ikishavuka kiwango cha sifuri humalizika katika mita mia chache tu. Rada ya satelaiti ya TRMM, iliyorushwa na Marekani na Japani mwaka 1997, ilionyesha waziwazi utepe angavu katika mvua za nchi za joto, pale pale theluji inapogeuka maji. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu wa Emali huiona Kilimanjaro, mita 5,895, ikiwa imevaa theluji: pale ardhi yenyewe imepanda ikaifuata. Mvua ya mawe nayo ni barafu iliyokua kubwa mno hata isiwahi kuyeyuka. Pasua jiwe moja kabla halijayeyuka, mara nyingi utaona tabaka nyeupe na tabaka angavu zikipishana kama za kitunguu, kila tabaka likiwa kumbukumbu ya sehemu ya wingu lilikopita. Kuna pia mvua inayoganda ikigusa nyaya na barabara, kama ile iliyowakatia umeme mamilioni ya watu mashariki mwa Kanada Januari 1998. Hiyo huhitaji hewa iliyo chini ya sifuri karibu na ardhi, na Ukambani hakuna hewa hiyo.

Sasa turudi Julai. Upepo wa kusini-mashariki huleta hewa yenye unyevu na ubaridi kutoka baharini, lakini juu yake kuna hewa kavu yenye joto inayoshuka na kuyazuia mawingu yasipande. Vilele vya mawingu hayo hubaki chini sana ya kiwango cha sifuri, kwa hiyo barafu haizaliwi. Yapo mawingu yanayonyesha bila barafu, nakubali. Pwani hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu hewa ya bahari hutoa matone machache yaliyo makubwa. Lakini uchunguzi wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba nchi kavu, sehemu kubwa ya mvua hutoka kwenye mawingu yenye barafu. Na wanaosema baridi kali ya Julai ni ahadi ya vuli njema, nawajibu kwa heshima kwamba vuli yetu hufuata zaidi joto la Bahari ya Hindi: mwaka 2019 upande wa magharibi wa bahari hiyo ulipokuwa na joto kuliko wa mashariki, mvua ilizidi kiasi.

Jambo hili linagusa shamba. Ubaridi na unyevu wa Julai na Agosti huikuta miembe ya Makueni ikichanua, na ubwiri unga huyashambulia maua. Hapo mkulima ana sababu ya kuyatazama mawingu kwa makini. Kwa mbegu, manyunyu hayo hayana maana yoyote. Kupanda ndengu au mtama katika udongo mkavu Oktoba, mvua ikiwa karibu, ni busara. Kupanda Agosti kwa sababu ardhi imelowa juu juu ni kuwalisha ndege. Mkulima mwenzangu, hifadhi mbegu yako, usubiri utabiri wa Oktoba hadi Desemba unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa, na uiulize ofisi yake ya kaunti kabla hujashika jembe.