Nondo ya stenlesi: Uliza gredi kabla ya kuuliza bei

CHUKUA mfano wa msindikaji mdogo wa maziwa mkoani Tanga. Shafti ya kikorogeo chake imekatika, na kwenye tangi kuna lita 300 za asubuhi zinazosubiri kuchemshwa. Anamtuma kijana mjini, kijana anarudi na nondo inayong'aa kama kioo, fundi anaikereza, na jioni kazi inaendelea.

Baada ya miezi michache madoa ya rangi ya chai yanajitokeza pale shafti inapopita kwenye sili. Madoa yanageuka vishimo, vishimo vinaila sili, na maziwa yanaanza kuvuja kuelekea kwenye beringi. Mwenye mali analalamika kuwa ameuziwa chuma feki.

Huenda hakuuziwa feki. Inawezekana kabisa aliuziwa stenlesi ya kweli, ila si ya kazi ile.

Watu wengi wanadhani stenlesi, yaani chuma cha pua kisichoshika kutu kwa urahisi, ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba ni ukoo mzima wa vyuma. Kinachouunganisha ukoo huo ni madini ya kromi, ambayo hayapungui asilimia 10.5 ya uzito. Kromi ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe, mradi hewa inafika. Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, aliyeyusha chuma cha aina hiyo mwaka 1913 alipokuwa akitafuta chuma kinachofaa kwa mitutu ya bunduki, lakini waliokichangamkia zaidi wakawa watengeneza visu vya mezani.

Tangu hapo gredi zimeongezeka mno. Kwa mkulima, msindikaji na fundi wa karakana, zinazokutana naye mara kwa mara hazizidi sita au saba.

Inayotumika zaidi ni 304. Ina kromi ya karibu asilimia 18 na nikeli ya karibu asilimia 8. Kwa maziwa, asali, juisi na maji ya kawaida ya kunywa inatosha. Mtu anayetengeneza mashine ya kukamulia asali Tabora, au chanja za kuanikia dagaa kando ya Ziwa Victoria, hana sababu ya kununua kitu cha ghali kuliko hiyo.

Ndugu yake ni 316, ambayo ina nikeli zaidi na imeongezwa molibdeni ya asilimia 2 hadi 3. Molibdeni ndiyo inayoipa nguvu ya kuhimili chumvi. Pampu ya maji ya bahari, shafti ya rafadha ya mashua, vyuma vya shamba la kamba, tangi la brini la jibini au la achari, vyote hivyo ni kazi ya 316.

Halafu kuna 201, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Gredi za kundi hili zilianza kushika nafasi Marekani miaka ya 1950 wakati nikeli ilipoadimika, na sehemu ya nikeli ikabadilishwa kwa manganisi. Ni chuma kizuri kwa fremu za viti, vitanda na mageti yaliyo mbali na pwani. Ikipelekwa kwenye chumvi, au kwenye mashine inayooshwa kila siku kwa dawa ya klorini, inashindwa mapema. Kwa macho haitofautiani na 304.

Kwa nini iwe nafuu? Kwa sababu nikeli ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei ya stenlesi, na bei ya nikeli haina adabu. Machi 2022, soko la metali la London lilisimamisha biashara ya nikeli baada ya tani moja kuvuka dola 100,000 za Marekani kwa muda mfupi. Misukosuko ya namna hiyo hufika hadi kwenye maduka ya vyuma ya Gerezani. Tanzania yenyewe ina nikeli ardhini, huko Kabanga wilayani Ngara, lakini hilo halijampunguzia fundi bei ya nondo.

Kosa jingine ni kudhani stenlesi ina nguvu kuliko chuma cheusi. Nondo ya 304 iliyolainishwa kiwandani haina nguvu kubwa kuliko chuma laini cha kawaida, na inaweza kupinda mapema zaidi. Anayebadilisha shafti ya chuma kigumu kwa 304 ya kipenyo kilekile anaweza kuipinda siku ya kwanza. Iliyovutwa ikiwa baridi huwa ngumu zaidi, hivyo mnunuzi aulize pia nondo ilivyotengenezwa.

Wapo mafundi wanaoipasha moto 304 hadi iwe nyekundu na kuitumbukiza kwenye maji ili iwe ngumu. Wanapoteza mkaa. 304 na 316 hazikomazwi kwa moto. Anayetaka ncha inayoshika makali, kwa mfano kisu cha kukatia nyama au matunda, atafute 420, ambayo ina kaboni zaidi na inakomazwa kwa moto. Ila hiyo inashika kutu haraka kuliko 304, hivyo inahitaji kuoshwa na kukaushwa kila baada ya kazi.

Wakerezaji nao wana kipenzi chao, 303. Imewekewa salfa ili ikatike vizuri kwenye mashine, kwa hiyo kazi inakwenda haraka na noti ya kukerezea haichakai ovyo. Tatizo ni kwamba salfa hiyo hupunguza uwezo wa kuzuia kutu, na ikichomelewa huelekea kupasuka. Kama shafti itachomelewa mapanga ya kukorogea, 303 isiguswe.

Kwa kazi ya kuchomelea, herufi L ina thamani yake. 304L na 316L zina kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Kaboni ikiwa nyingi, joto la kuchomelea huifanya ishikane na kromi, na eneo la kando ya kiungo hubaki bila kinga. Ndiyo maana mara nyingi kutu huanza kando kidogo ya mshono. Vijiti vya kuchomelea navyo vina gredi: 308L kwa 304, 316L kwa 316, na 309L pale stenlesi inapounganishwa na chuma cha kawaida.

Aidha, jiwe la grenda lililokata chuma cheusi asubuhi lisitumike kwenye stenlesi mchana. Chembe za chuma hubaki juu yake na kushika kutu, kisha lawama humwangukia muuzaji wa nondo. Brashi ya waya iwe ya stenlesi pia.

Sumaku haitoshi

Dukani kipimo maarufu ni sumaku. Ikidondoka, muuzaji anatangaza kuwa mali ni orijino. Sumaku inasaidia kutambua 410, 420 na 430, ambazo zote huishika. Lakini 201 haishiki sumaku, sawa na 304, kwa hiyo kipimo hicho hakimlindi mnunuzi mahali penye udanganyifu zaidi. Kinyume chake, nondo halali ya 304 iliyovutwa ikiwa baridi inaweza kuishika kidogo, na mtu akaikataa bure.

Kinga bora ni karatasi. Mzigo unaotoka kiwandani huwa na cheti chenye asilimia za kila madini na namba ya myeyusho, na namba hiyo hiyo huwa imepigwa au kubandikwa kwenye nondo au kwenye furushi lake. Majina hutofautiana kulingana na nchi: 304 huandikwa SUS304 kwa Wajapani na 1.4301 kwa Ulaya, na 316 ya Ulaya ni 1.4401. Pasipo cheti, vipo vifaa vya matone vinavyoonyesha kwa rangi kama molibdeni ipo, na baadhi ya wanunuzi wa vyuma chakavu wana kifaa cha mkononi kinachosoma madini kwa sekunde chache.

Uzito nao ukaguliwe. Kipenyo kwa milimita kikizidishwa kwa chenyewe, kisha kugawanywa kwa 160, kinatoa kilo za mita moja. Mafundi wa ujenzi wanaijua hesabu hiyo kwa nondo za kawaida, ila wao hugawa kwa 162. Nondo ya milimita 20 ni kilo 2.5 kwa mita, na ya mita sita ni kilo 15. Kama ni milimita 19 imeuzwa kwa jina la 20, ina kilo 13.5 tu, na mnunuzi amepoteza sehemu moja ya kumi ya fedha yake. Venia mfukoni inalipa.

Sasa arudi yule msindikaji wa Tanga. Shafti ya mita moja yenye kipenyo cha milimita 25 ina kilo 3.9. Tuseme 316L inazidi 201 kwa Sh6,000 kila kilo: tofauti yote ni Sh23,400. Tangi moja la lita 300 likiharibika, hata kwa Sh1,000 ya lita, ni Sh300,000, bila kuhesabu wafugaji watakaopeleka maziwa kwingine kesho yake. Anayeosha kwa maji safi na sabuni anaweza kubaki na 304L. Anayetumia klorini aisuuze vizuri na asiiache ikilala kwenye vyuma usiku, kwa sababu hata 316 huchimbika ikiachwa hivyo.

Na kabla kijana hajatumwa tena mjini, apewe karatasi yenye gredi, kipenyo na urefu, na aambiwe asirudi na risiti iliyoandikwa "nondo stenlesi" peke yake. Gredi iandikwe kwenye risiti, ili ikionekana si yenyewe, kuwe na kitu cha kurudi nacho dukani.