Kijana Anapoachia Resi

Msomaji wa Nairobi anauliza. Mwanawe wa miaka 13 anashindana motokrosi kwa pikipiki ya mapigo mawili ya cc 85, na tangu arefuke, magoti yake yanakaribia usukani kila akikata kona. Wazazi wengine pale uwanjani Jamhuri wanamshauri ampandishe moja kwa moja kwenye cc 250 ya mapigo manne, "kwa sababu ndiyo za wakubwa." Baba huyo hataki kujua bei, hiyo ameshaijua. Anataka kujua mbona mwanawe, aliyeazimwa pikipiki ya namna hiyo kwa mizunguko mitatu, alirudi akisema, "Baba, hii inanivuta nyuma."

Kijana amesema kweli, na kauli yake ina fizikia nyingi kuliko matangazo yote ya watengenezaji.

Kwanza historia kwa ufupi. Kwa muda mrefu mapigo mawili ndiyo yaliyotawala motokrosi. Mwaka 1997 Mmarekani Doug Henry alishinda mbio za supakrosi mjini Las Vegas akiendesha Yamaha ya majaribio ya mapigo manne, YZM400F. Mwaka uliofuata YZ400F ilianza kuuzwa madukani, na Henry akaitwalia ubingwa wa Marekani. Ilipofika 2001, Yamaha ilileta YZ250F, na daraja dogo nalo likageukia mapigo manne. Kanuni nazo ziliipa injini mpya nafasi kubwa: katika daraja la dunia la MX2, cc 250 za mapigo manne hupangwa pamoja na cc 125 za mapigo mawili.

Namna mapigo manne yanavyofuatana, yaani kuvuta, kubana, kulipuka na kutoa, haina haja ya kuelezwa kwa watu wanaopanda bodaboda kila siku. Boxer inayokupeleka sokoni ni ya mapigo manne. Hata uzito, ambao wazazi huuogopa kuliko yote, haumalizi swali. YZ125, mwenzake wa mapigo mawili, ina takriban kilo 95 ikiwa imejazwa mafuta, na YZ250F inapita kidogo 105. Tofauti ni ndoo ndogo ya maji. Kijana mwenye nguvu za kushindana anaibeba. Kinachomshtua huja pale anapoachia resi.

Mwombe dereva wa bodaboda akiwa gia ya pili aachie resi ghafla bila kugusa breki. Kifua chako kitakwenda mbele hadi mgongoni mwake. Nani amewashika? Breki hazijaguswa. Madereva wa malori wanaoteremka Mlima Kitonga wanajua jibu kwa vitendo: wanashuka kwa gia, injini ikizuia mzigo. Lakini gia haizuii kitu. Gia ni mkono tu, na anayevuta yuko ndani ya silinda.

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Sukuma kijiti hadi mwisho, ziba tundu kwa kidole gumba, kisha vuta kijiti. Kinakataa. Unavuta dhidi ya hewa yote ya dunia inayokisukuma kutoka nje. Ukikiachia, kinarudi kwa kishindo na kazi uliyoifanya unarudishiwa, ulikopesha, umelipwa. Sasa rudia, lakini kijiti kikiwa kimevutwa hadi mwisho, ondoa kidole. Hewa inaingia kwa mlio mdogo, *fsss*, na kijiti kinabaki pale pale. Nguvu zako zimepotea na hakuna wa kukulipa.

Hivyo ndivyo injini ya petroli ya mapigo manne inavyoishi resi inapofungwa. Kibamba kinachopitisha hewa kimezibwa karibu chote. Hicho ndicho kidole chako. Pistoni inashuka katika pigo la kuvuta na kukuta hakuna cha kuvuta, kwa hiyo inatengeneza utupu na kuulipia kwa nguvu za gurudumu. Kisha inapanda kubana hewa kidogo iliyopo, inashuka tena, na hapo kubana na kutanuka hufutana, kama kijiti kilichoachiwa kirudi chenyewe. Ndipo vali ya kutolea moshi inafunguka. Kidole kimeondolewa! Hewa ya nje inakimbilia ndani kupitia ekzosi, utupu unafutika, na deni linakufa bila kulipwa. Pigo la nne linasukuma hewa ile nje, na mkopo mpya unaanza.

Hesabu yake inapendeza. Utupu ukifikia asilimia 70 ya kanieneo ya hewa, silinda ya cc 250 hupoteza jouli kama 17 na nusu katika kila mzunguko wa mapigo manne. Hiyo ni kazi ya kuinua pakiti ya unga ya kilo 2 kutoka sakafuni hadi juu ya meza ya jikoni. Kidogo. Lakini injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, pakiti ile inainuliwa mara 83 katika kila sekunde. Jumla ni karibu wati 1,450, sawa na pasi ya umeme iliyowaka barabara, na mlipaji ni tairi la nyuma peke yake. Msuguano wa pete, kamshafti na springi za vali huongeza juu yake.

Injini ya mapigo mawili nayo hukopa, ila hulipwa. Haina vali za juu. Pistoni yenyewe hufungua na kufunga matundu ubavuni mwa silinda. Utupu inaoutengeneza chini yake inapopanda huisaidia kushuka, kabla matundu hayajafunguka. Ndiyo maana kijana wa cc 85 amezoea pikipiki inayoteleza huru mara tu anapoachia resi, kama baiskeli kwenye mteremko.

Jambo hili halina jina linaloridhisha kwa Kiswahili. "Breki ya injini" linasikika sana gereji, lakini breki ni kitu kinachosugua, na hapa kazi haifanywi na kusugua peke yake. "Kushuka kwa gia" linafaa Kitonga tu, maana uwanja wa motokrosi una pia tambarare, matuta na kona. Makala haya yanapendekeza *mkabo*. Kukaba ni kubana koo, na injini hapa imebanwa koo kweli. Kukaba pia ni kumshika mtu asiende, kama beki anavyomkaba mshambuliaji, na ndivyo injini inavyolifanya gurudumu. Neno moja linabeba sababu na matokeo yake. "Ukabaji" lingefaa, ila limeshachukuliwa na watangazaji wa mpira, tuwaachie. Mkabo, basi.

Mkabo unaingia kwenye kona kabla ya kijana. Ameachia resi, ameshika breki ya mbele, uzito umehamia mbele na tairi la nyuma limebaki jepesi juu ya udongo uliovunjika. Wakati huo huo mkabo unalivuta tairi hilo hilo. Akiongeza breki ya nyuma kwa kipimo cha cc 85, tairi linaanza kurukaruka na mkia unatoka. Mshindani aliyeuzoea mkabo huugeuza silaha: anaacha injini ifanye nusu ya kazi ya breki ya nyuma na kuingia kwenye kona ametulia.

Hewani ni pazuri zaidi. Pikipiki iliyoruka haina ardhi ya kushikilia, kwa hiyo mzunguko wake wote ni akiba moja, na kinachopungua kwenye gurudumu lazima kionekane kwenye fremu. Kijana akiachia resi hewani, mkabo hupunguza mwendo wa gurudumu la nyuma na kranki, na pua ya pikipiki huinama. Akipiga resi, pua huinuka. Kwenye cc 85 kuachia resi juu ya tuta hakumdhuru sana. Kwenye cc 250 ya mapigo manne, mkono ule ule wenye woga unaweza kumshusha kwa gurudumu la mbele.

Kwa mtoto huyu wa miaka 13, basi, cc 250 ingoje. Kiti chake kiko karibu sentimita 97 kutoka ardhini, na mashindano ya dunia ya vijana ya FIM yenyewe huendeshwa kwa mapigo mawili ya cc 65, 85 na 125. Baba akitaka mapigo manne tangu sasa, Honda CRF150R yenye magurudumu makubwa inamfaa zaidi: kiti kiko chini ya sentimita 87, na silinda yake ya cc 149 ina mkabo mdogo unaofundisha bila kuadhibu. Aulize kwanza kama daraja analoshindania linairuhusu. Injini za namna hii hufunguliwa kwa hesabu ya saa, si kilomita, na vipuri vyake si vya kupatikana kila duka.

Siku ya 250 ikifika, fundi apandishe kidogo sailensa, yaani mwendo wa injini resi ikiwa imeachiwa. Kibamba kikibaki wazi kwa uwazi wa unywele zaidi, utupu hupungua na mkabo hulegea. YZ250F tangu toleo la 2019 hupangiwa mafuta na cheche kwa simu, na mpangilio laini ni wa kuanzia. Kisha kijana apewe mahali tambarare penye udongo laini, aingie gia ya tatu, aachie resi bila kugusa breki yoyote, halafu arudi kwa miguu na baba yake wakatazame alama ya tairi la nyuma: pale michirizi ya meno ya tairi inapoanza kuburuzika, hapo ndipo mkabo ulipomshika.