Sungura Anayevuja Vumbi la Mbao

Tarehe 1 Januari 2022 kitabu cha A. A. Milne cha mwaka 1926, Winnie-the-Pooh, kilitoka katika ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, na yule dubu mpenda asali akawa mali ya kila mwenye kutaka kumchora. Mwaka uliofuata mwongozaji Mwingereza Rhys Frake-Waterfield akatoa filamu ya Winnie-the-Pooh: Blood and Honey, ambamo dubu huyo ni muuaji. Iligharimu chini ya dola 100,000, ikaingiza mamilioni, kisha mwaka 2024 ikazoa tuzo tano za Razzie, zile wanazopewa waliofanya vibaya, ikiwemo ya filamu mbaya kuliko zote. Baada yake Bambi na Peter Pan nao wamegeuzwa wauaji. Wengi wamelalamika kwamba filamu hizi zinawatia doa wahusika wa utotoni. Kwangu kasoro yake ni nyingine: haziwatishi watazamaji kwa kutumia mhusika mwenyewe. Mvishe fisi kinyago cha yule dubu, au umvishe nguruwe, na mauaji yataendelea vilevile bila kupungukiwa na kitu.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba wazo zuri lilikuwepo. Filamu ile ya dubu inaanza kwa utangulizi mfupi wa michoro ya katuni unaosimulia jinsi mtoto Christopher Robin alivyokua, akaondoka, na wanyama wake wakabaki njaani wakati wa baridi kali. Hofu hiyo ya kuachwa imetoka kitabuni hasa, kwa maana kitabu cha pili cha Milne cha hadithi za dubu huyo, cha mwaka 1928, kinaishia kwenye kuagana: mtoto anajua kwamba siku za kucheza zinakwisha, na dubu hajui. Njaa ya aliyeachwa na ampendaye ingetosha kujaza filamu nzima. Utangulizi unakwisha, anaingia mtu mzima aliyevaa uso wa mpira, na kisa cha kuachwa kinageuka kisingizio cha kumwaga damu.

Mhusika wa watoto hapendwi kwa bahati. Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama Konrad Lorenz alieleza maumbile yanayoamsha huruma yetu: kichwa kikubwa, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo, viungo vifupi. Ni umbo la mtoto mchanga, na wachoraji wa katuni wanalitumia kila siku. Mbunifu mvivu anaposikia neno kutisha hulivunja umbo hilo mara moja: anaongeza meno, anakwaruza uso, anapaka macho wekundu. Jicho la mtazamaji huzoea upesi, na baada ya dakika kumi meno ni meno tu. Mbunifu hodari huliacha umbo lipendeke, kisha hubadilisha kilichomo ndani yake, au namna linavyotembea.

Mfano bora ninaoujua ni filamu ya Alice ya mwaka 1988, aliyoitengeneza Jan Švankmajer wa Chekoslovakia kutokana na kitabu cha Lewis Carroll. Sungura Mweupe humo ni sungura halisi, aliyekufa, akakaushwa na kujazwa vumbi la mbao. Anang'oa misumari iliyomshikilia ndani ya kabati la kioo, anavaa nguo zake, anakwenda. Saa yake anaichomoa kifuani, ikitoka na vumbi, akairamba ili asome wakati. Vumbi likizidi kumwagika analila ili ajijaze upya. Hakuna pembe wala kucha zilizoongezwa. Ni sungura yuleyule mwenye haraka, ila sasa tunaona anachokimbizana nacho: kila dakika inayopita inampunguza. Hata mkasi anaokatia vichwa kwa amri ya Malkia umetoka kwa Carroll, maana kwenye kitabu Malkia anaamuru watu wakatwe vichwa kila mara. Švankmajer ameichukua amri hiyo kwa uzito wake.

Guillermo del Toro alifuata njia hiyohiyo katika Pinocchio ya mwaka 2022, iliyoshinda Oscar ya filamu ya uhuishaji. Geppetto wake anamchonga mwanasesere usiku, akiwa amelewa, akimlilia mwanawe aliyeuawa kwa bomu. Kwa hiyo Pinocchio anatoka hajakamilika, ana sikio moja na misumari imechomoza mgongoni. Anapotembea mara ya kwanza viungo vinapinda pasipopindika, na baba mwenyewe anaogopa. Uchungu wa Geppetto unaonekana kwenye mbao kabla yeyote hajausema.

Anayesema kwamba kazi kama hizi zinaharibu hadithi safi za watoto anasahau hadithi hizo zilivyokuwa. Carlo Collodi alipoanza kumchapisha Pinocchio gazetini mwaka 1881, kisa kiliishia mhusika akiwa amenyongwa mtini. Kiliendelea baadaye kwa sababu wasomaji walidai. Ngano zetu nazo hazikuwaonea haya watoto. Katika ngano moja, binti aliyerudia kombe lake pwani anatiwa na zimwi ndani ya ngoma, anazungushwa mji hadi mji, na watu wanacheza kwa furaha wasijue anayeimba ni mtoto aliyefungwa. Wasimuliaji hawakulazimika kulirefusha zimwi meno. Waliitumia ngoma, chombo cha sherehe.

Hoja ya wazazi ina nguvu zaidi. Katuni huonekana ni ya watoto kabla haijatazamwa, na mtoto wa miaka minne hatofautishi dubu wa asali na dubu wa damu kwenye simu. Hapo sina utetezi wa kumpa mtengenezaji anayetega picha ya jalada ionekane ya kitoto. Bango lake liseme kweli, na umri wa watazamaji uandikwe wazi.

Nchini Uingereza, alikozaliwa dubu huyu, maandishi ya Milne, aliyefariki mwaka 1956, yatakuwa huru mwanzoni mwa 2027. Michoro ya E. H. Shepard iliyomo katika vitabu hivyo, aliyeishi hadi 1976, italindwa huko miaka ishirini zaidi. Wabunifu wa huko watakuwa na maneno ya Milne tu mkononi, na itawabidi waanze kwa kuyasoma.